Ndege Haitibu

Kitu cha kwanza anachopokonywa muuguzi ndege inapowasha injini ni sikio lake. Wodini amezoea kusikiliza: kohozi linalokoroma kooni, hewa inayoingia pafu moja na kukataa kuingia la pili, mgonjwa wa pembeni ambaye kilio chake kimekatika ghafla. Ndani ya ndege ndogo iliyofungiwa machela, stethoskopu hubaki ikining'inia shingoni bila kazi. Ngurumo ya injini na mtetemo wa bodi humeza kila sauti iliyo dhaifu kuliko hizo, na karibu sauti zote za mwili wa binadamu ni dhaifu.

Kwa hiyo huuguza kwa macho na vidole. Hutazama kifua kama pande zote mbili zinainuka sawasawa. Huweka vidole kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, akiukosa huutafuta shingoni. Hufunua mdomo wa mgonjwa na kutazama ulimi, maana kwa sisi watu weusi ubluu wa kukosa oksijeni hauonekani upesi kwenye ngozi. Vipo vifaa, nami sivibezi. Kipo kile kinachobana kidole na kusoma kiasi cha oksijeni katika damu, na kwa anayepumua kwa mashine kipo kinachopima kaboni dioksaidi katika pumzi itokayo na kumhakikishia muuguzi kwamba mpira bado uko kwenye koo la hewa, haujachomoka na kuingia njia ya chakula. Lakini mwaka 2020 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kile kifaa cha kidoleni hukosea zaidi kwa wagonjwa weusi, kikidai oksijeni iko juu kuliko ilivyo. Muuguzi wa Nairobi anayetazama ulimi pamoja na kioo cha mashine anafanya jambo la busara sana.

Naanza na haya kwa sababu wengi wetu tukisikia habari za madaktari warukao tunawaza mwendo tu. Mwendo ni neema, sibishi. Kutoka Lodwar hadi Nairobi kwa gari ni safari ya kutwa nzima, na mtu aliyevunjika nyonga huhesabu kila shimo la barabara kwa maumivu yake. Ndege huifupisha safari hiyo ikawa ya saa chache. Lakini mwendo haushoni mshipa uliokatika wala hauzuii damu. Na tena, kule juu kwenyewe kuna madhara yake ambayo barabara haina.

Abiria wa basi anayetoka Mombasa na pakiti ya krispi mkobani ameyaona madhara hayo kwa macho yake. Pakiti iliyokuwa imelegea pwani hufika Nairobi imevimba, iko karibu kupasuka. Robert Boyle aliieleza kanuni yake mwaka 1662: mgandamizo wa nje ukipungua, hewa iliyofungiwa hupanuka. Sasa fikiria hewa iliyofungiwa mahali pasipotakiwa, ndani ya mtu.

Kijana ameanguka mnazini Lamu, mbavu zimevunjika, na hewa kidogo imepenya kati ya pafu na ukuta wa kifua. Pale Lamu, kwenye usawa wa bahari, anahema kwa shida lakini anahema. Uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, anakopelekwa, uko karibu mita 1,690 juu ya usawa huo. Rubani mwenye ndege nzuri anaweza kuweka mgandamizo mkubwa ndani ya ndege, au kuruka chini kadiri milima inavyomruhusu. Hawezi kuishusha Nairobi. Kule kutua tu Nairobi ni kupanda, na ile hewa iliyonaswa kifuani itakuwa imepanuka kwa zaidi ya asilimia 20, ikilikandamiza pafu na, mambo yakiharibika, ikausukuma na moyo wenyewe. Kijana huyo atakuwa amezidiwa angani kwa jeraha lile lile alilolivumilia chini. Dawa yake ni mrija wa kutoa hewa kifuani, na mahali pa kuuweka ni Lamu, kabla mlango wa ndege haujafungwa.

Hewa hiyo iko kwingi. Iko ndani ya utumbo uliojisokota, ndiyo sababu mgonjwa wa namna hiyo hupitishiwa mpira puani hadi tumboni, na mpira huo huachwa wazi. Iko kwenye kipuli kidogo kinachoziba pembezoni mwa mpira wa kupumulia. Kipuli kikivimba hulibana koo la hewa hadi damu isipite kwenye nyama zake. Wengine hukijaza maji ya chumvi badala ya hewa, wengine hukipima safarini na kukipunguza kidogo kidogo. Plasta ngumu iliyofungwa jana kwenye mguu uliovunjika hupasuliwa kwa urefu wake, kwa sababu mguu ukivimba ndani yake kule juu hautakuwa na pa kwenda. Hata jicho: aliyefanyiwa upasuaji na kuachiwa kiputo cha gesi ndani ya jicho hapandishwi ndege hadi kiputo hicho kiyeyuke, la sivyo anaweza kupofuka.

Ndege kama Pilatus PC-12 huhifadhi mgandamizo ndani, na kwa desturi hewa ya ndani ya ndege za aina hiyo hailegei kupita ile ya urefu wa mita 2,400 hivi. Cessna Caravan, ambayo imeokoa watu wengi kwenye viwanja vya changarawe, haihifadhi mgandamizo wowote: hewa ya ndani ni ile ile ya nje. Anayepanga safari lazima ajue anatuma ndege ipi kwa mgonjwa yupi. Kwa mtu mzima mwenye afya, kushuka kwa oksijeni kwenye urefu huo ni uchovu mdogo tu. Kwa mtoto mwenye nimonia, au mama aliyepoteza damu nyingi, kiasi hicho kidogo cha oksijeni ndiyo akiba pekee iliyokuwa imebaki.

Hapa ndipo penye sababu ya jambo linalowaudhi watu kiwanjani. Ndege imesubiriwa tangu alfajiri. Mbuzi wamefukuzwa, watoto wamezuiwa wasikimbilie panga la injini, vumbi limetimka, mlango umefunguka. Kila mtu anatarajia mgonjwa apakiwe na ndege iruke hapo hapo. Badala yake muuguzi na daktari wanapiga magoti kando ya machela, au wanaomba wapelekwe kwanza hospitalini kitandani kwa mgonjwa, wanafungua mifuko na kuanza kazi. Nusu saa inapita, pengine na zaidi. Mjomba wa mgonjwa anashika kichwa. "Daktari, mtu wetu anakufa, mbona hamwondoki?"

Mjomba huyo sina neno naye; hofu yake ni upendo. Lakini nusu hiyo ya saa ndiyo tiba. Njia ya hewa inakaguliwa, na kama kuna dalili kwamba mgonjwa atashindwa kupumua mwenyewe njiani, mpira unaingizwa sasa, penye mwanga na nafasi ya kuinama. Dripu ya pili inachomwa mkono wa pili, maana ya kwanza inaweza kuchomoka wakati wa kupakia. Mipira yote inafungwa kwa plasta maradufu. Dawa ya maumivu inatolewa mapema ipate kushika kabla mtetemo haujaanza kuusumbua mfupa uliovunjika, na ya kuzuia kutapika pia, kwa kuwa aliyelazwa chali na kufungwa mikanda akitapika matapishi yanaweza kumwingia mapafuni. Mgonjwa anafunikwa blanketi hata kama nje ni jua la Wajir, kwa kuwa kila mita 1,000 za kupanda hewa ya nje hupoa kwa nyuzi kama 6.5. Kila moja ya kazi hizi chini huchukua dakika chache. Angani, muuguzi akiwa amejikunja kwenye nafasi isiyomruhusu kusimama, ndege ikirushwarushwa na upepo wa mchana, kazi hiyo hiyo inaweza kushindikana kabisa.

Na oksijeni hupigiwa hesabu kwa kalamu. Mgonjwa wa lita 10 kwa dakika anahitaji lita 600 kwa saa. Mtungi mdogo wa kubeba mkononi, ule wa lita 340, humwishia kwa dakika 34. Safari ya angani ya saa moja na nusu si ya saa moja na nusu: kuna kumtoa wodini, kuna gari hadi kiwanjani, kuna kupakia, kuna kusubiri ruhusa ya kuruka, kuna kushusha, kuna msongamano wa Nairobi hadi mlango wa hospitali. Anayejua kazi hii huhesabu mlango hadi mlango, kisha huongeza akiba kubwa juu yake.

Lazima niseme pia kwamba kuna mahali ambapo ndege, kwa maana halisi, hutibu. Mpanda mlima aliyejaa maji mapafuni kwenye kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu ya Kilimanjaro, hatibiwi na dawa kuliko anavyotibiwa na kushuka. Helikopta ikimteremsha hadi Moshi hewa nzito inamrudishia pumzi, na pengine atafika akiongea. Hali hiyo ni ya mlimani. Wengi wanaosubiri ndege Afrika Mashariki wako tambarare, na kwao kila safari ya juu ni mzigo unaoongezwa juu ya ugonjwa, mzigo unaokubaliwa tu kwa sababu kubaki walipo ni kubaya zaidi.

Kwamba ndege yenyewe haitibu, waanzilishi wa huduma hii walilijua kuliko tunavyodhani. Huko Australia, mchungaji John Flynn alifanikisha safari ya kwanza ya daktari wa ndege tarehe 17 Mei 1928, kutoka mji mdogo wa Cloncurry, Queensland. Lakini ndege peke yake haikuwafaa watu wa mashamba ya mbali, kwa sababu hawakuwa na njia ya kuiita. Mwaka uliofuata Alfred Traeger akatoa redio iliyopata umeme kwa kukanyagwa kwa miguu. Baadaye mashamba yakapewa makasha ya dawa zenye namba, mama wa nyumbani akaambiwa redioni ampe mgonjwa dawa namba fulani. Tiba ilianza kabla ya ndege kuruka, mikononi mwa mtu ambaye hajawahi kusomea udaktari.

Kwetu mambo yalianza mwaka 1957, wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walipoanzisha huduma ya madaktari warukao ya Afrika Mashariki, ambayo leo ni AMREF. McIndoe alikuwa amejulikana vitani kwa kuwajengea upya nyuso na mikono marubani walioungua. Wazo lao la kwanza lilikuwa kumpeleka daktari kwa mgonjwa: mpasuaji aruke hadi hospitali ya mbali, apasue, afundishe, arudi. Anne Spoerry, aliyezaliwa mwaka 1918 na ambaye wengi walimwita Mama Daktari, alijifunza urubani akiwa na miaka zaidi ya 40, akaendesha ndege yake mwenyewe kaskazini mwa Kenya na Lamu akitoa chanjo na kutibu hadi alipofariki mwaka 1999. Mgonjwa kupelekwa kwa daktari ni nusu ya pili ya kazi hiyo. Ndiyo nusu inayopigwa picha. Nasadiki kwamba ile ya kwanza ina faida ya kudumu zaidi, kwa kuwa mpasuaji akishaondoka anamwacha nyuma mtu aliyemwona akifanya.

Nirudi kwa mgonjwa. Mara nyingi hajawahi kupanda ndege. Analazwa chali mahali pembamba, anafungwa mikanda, anaona dari karibu na uso wake, kisha kelele inaanza na hawezi kumsikia mtu yeyote. Muuguzi mzuri humwandaa kabla ya injini kuwashwa. Huinama karibu na uso wake na kumwambia, "Mama, kutakuwa na kelele nyingi, hatutasikizana. Nitakuwa hapa nimekushika mkono. Ukisikia uchungu ama pumzi ikikatika, nibane vidole." Ikiwa mama ni Mturkana au Mborana asiyejua Kiswahili, huombwa mwanawe afasiri, na ishara hizo hukubaliwa hapo hapo mchangani: kubana mara moja ni uchungu, kuinua kiganja ni pumzi. Masikio yanapouma kwa kupanda au kushuka, humwonyesha jinsi ya kumeza mate. Haya hayamo kwenye orodha ya vifaa, na hakuna mashine inayoyafanya. Mgonjwa aliyetulia hutumia oksijeni kidogo kuliko aliyejaa hofu, kwa hiyo hata asiyejali upole ana sababu ya kuwa mpole.

Nafasi ya jamaa ni moja, pengine hakuna. Yule anayebaki hubaki na viatu vya mgonjwa mkononi na swali ambalo hakuna aliyemjibu: anapelekwa hospitali gani? Nimeona kwamba watu humkumbuka aliyewajibu swali hilo kwa miaka mingi. Karatasi moja yenye jina la hospitali na namba ya simu haina uzito wowote ndani ya ndege.

Rubani naye ana uuguzi wake. Kwenye huduma nyingi za namna hii duniani, rubani huulizwa tu kama safari inawezekana kwa hali ya hewa na kiwanja kilivyo, bila kuambiwa anayesubiri ni mtoto au ni mzazi anayevuja damu. Ni utaratibu mgumu kuukubali mara ya kwanza. Lakini huruma ikishika usukani, mtu huruka penye wingu asilopaswa kuruka, akatua gizani kwenye kiwanja kisicho na taa, na badala ya maiti moja zikawa tano. Kumficha habari ni kumlinda yeye, muuguzi, na mgonjwa mwenyewe.

Hatari haiishi hata hivyo. Tarehe 7 Agosti 2025 ndege ya AMREF Flying Doctors iliyokuwa imetoka Wilson kuelekea Hargeisa ilianguka Mwihoko, kaunti ya Kiambu. Waliokuwa ndani, wanne, walikufa, na watu wawili waliokuwa ardhini wakafa pia. Wanne hao walikuwa kazini. Kila tunapomsifu mtu aliyeokolewa kwa ndege, tuwakumbuke waliotoka nyumbani asubuhi kwa ajili ya mgonjwa wasiyemjua, wasirudi.

Suala la fedha nitalisema kwa ufupi, maana liko wazi. Kiti cha ndege humfikia haraka mwenye bima, mtalii, mfanyakazi wa shirika kubwa, au mwanachama wa mpango kama Maisha wa AMREF. Wasio nacho hutegemea safari za hisani, serikali ya kaunti, au harambee inayochangishwa kwa simu huku mtu akiendelea kuvuja damu. Mimba iliyokwama haiulizi kadi. Serikali inayokubali kwamba zipo sehemu zake zisizofikika kwa barabara imeshakubali, itake isitake, kuwa ndege ya wagonjwa wa sehemu hizo ni wajibu wake.

Lakini hata fedha zikipatikana, ndege ikatumwa upesi, bado itachukua muda kufika. Mama aliyejifungua kwenye zahanati mbali na lami na kuanza kutokwa na damu anaweza kufa kabla rubani hajamaliza kukagua mafuta. Atakayemwokoa ni muuguzi wa zahanati ile, peke yake, kwa vitu vya bei nafuu: oksitosini iliyohifadhiwa penye ubaridi, mikono inayojua kulikanda tumbo la uzazi likaze, dripu, na asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu ambayo hufaa ikitolewa ndani ya saa 3 tangu damu ianze kutoka. Wahudumu wa ndege watakapofika watampata mgonjwa wa kusafirisha kwa sababu yake yeye. Jina lake halimo kwenye taarifa ya habari, wala kwenye picha ya ndege iliyotua Wilson.

Wewe msomaji ambaye kijiji chenu kina kiwanja cha vumbi na zahanati yenye wauguzi wawili, nenda ukaulize. Mtungi wa oksijeni una oksijeni? Friji ya dawa inafanya kazi? Muuguzi wa zamu alifundishwa lini mara ya mwisho kumwandaa mgonjwa wa kusafirishwa, na namba ya kuita ndege imeandikwa ukutani au imo kwenye simu ya mtu mmoja aliye likizo? Majibu ukiyapata, mpelekee mwakilishi wa wadi wenu kwa maandishi, na umtake ajibu kwa maandishi. Fanyeni hivyo mwezi huu, kabla ya mtu wenu kuihitaji ndege.